Kusindikiza wazee: tuliyojifunza vijijini Kongwa

Tukimwambia mgeni kwamba kikundi chetu kinawahudumia wazee, swali linalofuata huwa lilelile: mnawapelekea nini? Watu hutazamia kusikia unga, sukari, sabuni, blanketi. Hivyo navyo hupelekwa vikipatikana, na mzee hufurahi. Ila baada ya miaka kadhaa ya kazi hii katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, nimeamini kwamba mzee wa huku kwetu anahitaji zaidi mtu wa kuandamana naye: mpaka ofisi ya kijiji, mpaka zahanati, mpaka mahakamani, mpaka Dodoma mjini ikibidi, kisha arudi naye hadi mlangoni kwake. Haki nyingi za wazee zimeshaandikwa. Zinakwama njiani, kati ya ofisi na nyumba ya mtu asiyeweza tena kutembea juani.

Kikundi chenyewe kilizaliwa ndani ya kikoba, chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Sisi ni akina mama wakulima wa mahindi, alizeti na karanga. Wamo pia wanaouza nguo mnadani, yumo fundi cherehani, na baadaye wakaja vijana wa bodaboda ambao mama zao walikuwa wanachama. Kila tukikusanyika kununua hisa, mtu alikuwa na habari ya mzee fulani: hajaonekana kisimani, anakohoa, wajukuu wanakuja shuleni na njaa. Tukakubaliana kila mwanachama aangalie kaya mbili tatu zilizo karibu na kwake, na mfuko wa jamii wa kikoba utoe nauli. Hatuna ofisi wala mhuri, na hilo limetusaidia sana. Wazee wa huku wameshapokea wageni wengi wa daftari, walioandika majina yao na wasionekane tena.

Nianze na umri, kwa sababu ndiko tulikotoka jasho. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu aliyefikisha miaka 60. Katika sensa ya 2022 watu wa umri huo walikuwa asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Serikali imeelekeza kwamba mzee asiyejiweza atibiwe bure, na hospitalini utaona dirisha la wazee na maandishi yanayowaomba wagonjwa wengine wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Ni maelekezo mazuri na nimeyaona yakifanya kazi. Lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba amefika 60 unabaki kwa mzee mwenyewe, naye alizaliwa ndani ya tembe, mikononi mwa mkunga wa jadi, mwaka ambao hakuna aliyeuandika popote.

Babu mmoja wa kitongoji cha mlimani alikuwa na kadi ya mpiga kura iliyosema amezaliwa 1968. Mwandikishaji alimtazama, akamkadiria, akaandika. Kwa kadi hiyo hakuwa mzee, na kila alipokwenda kutibiwa alilipa kama kijana, au alirudi nyumbani bila dawa. Siku moja tumekaa naye chini ya mkwaju, akasimulia alivyobeba nguzo za nyumba ya baba yake walipohamishwa katika Operesheni Dodoma. Operesheni hiyo, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilikuwa mwaka 1971. Mtoto wa miaka mitatu habebi nguzo. Nikamuuliza, "Babu, wakati huo ulikuwa umeshapita jandoni?" Akacheka. Alikuwa ameshapita, na baba yake alikuwa ameanza kutafuta ng'ombe wa kumwolea.

Basi tukawatafuta wenzake wa jando. Walibaki wawili, mmoja haoni, mwingine anatembelea mkongojo, na wote wakaja ofisi ya kijiji kueleza kwamba waliingia jandoni pamoja. Mtendaji akaandika barua. Barua ikatupeleka Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya hati ya kiapo, kiapo kikatupeleka wilayani, na wilayani tukarudishwa mara kadhaa kwa sababu herufi moja ya jina la ukoo haikulingana na iliyo kwenye kadi. Kijana mwenye nguvu angeona ni usumbufu. Kwa babu mwenye goti bovu, kila kurudishwa ni nauli ya bajaji, ni siku nzima bila chakula cha maana, ni mbuzi walioachwa bila mchungaji. Peke yake angeacha safari ya kwanza, na asingelaumiwa. Siku alipokabidhiwa kadi yake ya matibabu aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akauingiza ndani ya kofia, na mpaka leo ndimo anamoiweka.

Tangu hapo tumejitengenezea kalenda ya kuhesabia umri, na naona inafaa popote mkoani Dodoma ukibadilisha matukio machache. Kwa wazee wetu waliopita miaka 80 tunaanza na matrekta ya Waingereza waliokuja Kongwa kulima karanga mwaka 1947. Halafu Uhuru, 1961. Halafu wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipoweka kambi hapa Kongwa, kuanzia 1964. Kisha kuhamishwa kwa 1971, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Hatumuulizi mzee alizaliwa lini, maana atajibu "sijui, mwanangu" na mazungumzo yataishia hapo. Tunamuuliza wakati huo alikuwa anafanya nini. Alikuwa anachunga ndama au ameshapewa ng'ombe wakubwa? Alikuwa anatumwa maji na kibuyu kidogo, au ameshaanza kutwanga uwele? Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni yupi kati ya waliopo? Anayechunga ndama ana miaka sita hadi tisa hivi. Ukiunganisha majibu matatu manne unapata mwaka ambao hata hakimu anaukubali.

Kuna na vidole. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na tarehe ya mwisho ikawekwa Januari 2020, wazee wengi wa vijiji vyetu walikaa kwenye foleni hadi jioni kisha mashine ikawakataa. Mkono ulioshika mpini wa jembe kwa zaidi ya nusu karne umesuguliwa ngozi mpaka mistari imepotea. Nilimwona bibi akitazama kiganja chake kwa aibu, kana kwamba kuna kosa alilolifanya. Hilo liliniuma. Tulichojifunza kwa kuuliza na kujaribu ni kwamba mzee anawe vizuri kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta usiku wa kuamkia siku yenyewe na kufutwa asubuhi, na mhudumu aombwe kwa upole ajaribu vidole vyote kumi, kwa sababu kidole kidogo mara nyingi hakikufanya kazi nzito kama kidole gumba. Upole ni muhimu hapo. Mhudumu aliyechoka akisemeshwa kwa ukali hufunga mashine, na atakayeumia ni mzee.

Sasa macho. Kongwa inajulikana kwa watafiti wa macho kwa sababu ya trakoma, ugonjwa ambao wengi wanauita vikope. Ni maambukizi ya bakteria yanayosambazwa na mikono, nguo za kujifutia na nzi, na yanapenda mahali penye vumbi na maji haba, kama kwetu. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa ukope hupata makovu. Miaka inapita. Mtu akiwa mtu mzima makovu yanauvuta ukope uingie ndani, kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho, na bila matibabu jicho linapofuka. Wanawake wanaugua zaidi kwa kuwa wao ndio wanaolea watoto wadogo na kuambukizwa nao mara kwa mara. Ukimkuta bibi wa Kongwa na kibano kidogo kimefungwa kwenye pindo la kanga, usifikiri ni pambo. Anakitumia kung'oa kope zake mwenyewe kila zinapoota.

Bibi mmoja ninayemwangalia mimi aling'oa kope zake hivyo kwa miaka mingi. Upasuaji wa kunyoosha ukope upo, si mkubwa, mgonjwa anapigwa ganzi tu na kurudi nyumbani, na timu za macho zikipita vijijini haulipiwi. Nilimweleza yote hayo. Muuguzi alimweleza pia. Alitusikiliza kwa heshima, akashukuru, na hakwenda. Aliogopa kwamba watamtoa jicho. Aliyembadilisha mawazo ni bibi mwenzake wa kijiji cha pili ambaye alishafanyiwa. Tulimleta kwa bodaboda, wakasalimiana kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaingia ndani ya tembe, na sisi tukaachwa nje na mbuzi. Sijui walizungumza nini kwa saa zote zile. Walipotoka, bibi yangu akauliza timu inakuja siku gani.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila mwenye moyo wa kujitolea akielewe. Daktari anafanya kazi yake kwa muda mfupi, halafu zinabaki siku ambazo mzee ana bandeji usoni na nyumba haina mtu mwingine mzima. Bibi huyu analea wajukuu, mkubwa wao darasa la nne. Nani atateka maji, na kisima kiko mbali? Nani atapeleka mbuzi malishoni? Nani atapika bila moshi, ili moshi usiingie machoni? Kabla ya siku ya upasuaji tulikaa tukapanga. Mama mmoja alipika kwake na kuleta ugali na mlenda. Kijana mwenye mkokoteni wa punda alijaza madumu ya maji. Mbuzi waliunganishwa na wa jirani. Wazee wengi wanaokataa matibabu si kwamba ni wakaidi. Wanapiga hesabu ya nyumba na kuona kwamba wao wakilala, kila kitu kinalala. Ukiitatua hesabu hiyo kwanza, utashangaa jinsi wanavyokubali haraka.

Kwenye chumba cha daktari napo kuna kazi. Wauguzi wengi wanatoka mikoa mingine, na mzee anaeleza maumivu yake vizuri zaidi kwa Kigogo au Kikaguru. Kwa Kiswahili atasema "mwili tu unaniuma" na kunyamaza. Ninayemsindikiza namtafsiria, lakini nimejizoeza kukaa nyuma yake kidogo, ili daktari amtazame yeye. Usipoangalia, daktari atageukia kwako, mtaongea ninyi wawili, na mzee atakaa katikati yenu kama mzigo unaosubiri kupakuliwa.

Dawa za presha ndizo zinazotusumbua. Mzee akijisikia nafuu anaacha kumeza, au anamgawia jirani mwenye kichwa kinachouma. Muuguzi ametuambia tena na tena kwamba presha haina dalili za kuaminika na dawa ni za kila siku. Kwa asiyesoma tunachora jua kwenye karatasi ya dawa za asubuhi na mwezi kwenye za usiku, na mjukuu anapewa kazi ya kumkumbusha babu kabla ya kwenda shule. Watoto wanaipenda kazi hiyo kuliko tulivyotegemea.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Baadhi ya wazee wetu wamo katika mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, wa kunusuru kaya maskini, na wapo wanaolipwa kwa simu. Simu ina namba ya siri, mzee haijui, anayeijua ni kijana wa jirani au mwenye duka. Wengi wao ni waaminifu, wachache siyo. Sisi hatushiki namba ya siri ya mzee yeyote, hata akituomba. Tunamsaidia achague mtu mmoja wa damu yake, na tunamshauri awepo mtu mwingine wa pili wakati wa kutoa. Kikundi kikianza kushika fedha za wazee, siku moja zitapungua, na hata kama hakuna aliyeiba, imani itakuwa imekwisha.

Watoto wa wazee ni habari inayohitaji uangalifu. Wengi wako Dar es Salaam, wengine wanajenga maghorofa Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia kule kwa kasi mwaka 2016. Ni rahisi kuwasema vibaya. Mimi nimekataa, na nimewaomba wenzangu wakatae. Kijana anayelala kwenye jengo analolijenga hana kikubwa cha kutuma. Ila kuna hatari ya kweli: akisikia kikundi kinamhudumia mama yake, kile kidogo anaweza kukiacha, na pamoja nacho ataacha na kupiga simu. Kwa hiyo tukifika kwa mzee tunapiga sisi. "Kaka, niko hapa na mama, anakusalimia, ongea naye." Hatuombi kitu. Mama anaongea na mwanawe, anamuuliza kama anakula. Kwa njia hiyo mtoto anabaki ndani ya nyumba ya mama yake hata akiwa mbali, na mara nyingi baada ya wiki mbili tatu anatuma cha kununua mafuta ya taa au dawa.

Na wazee wenyewe wanatoa. Mara nyingi siondoki na mikono mitupu: mlenda uliokaushwa, ubuyu, karanga kwenye kona ya kitambaa. Zamani kuna mwenzetu alikuwa anakataa akisema bibi anahitaji zaidi yake, mpaka bibi mmoja akamwambia, "Basi na wewe usije tena, mwanangu." Tunapokea vyote, kwa mikono miwili. Babu wa kadi ya 1968 ananiita mke wake, nami namlalamikia kwamba mume gani huyu hajaninunulia kanga tangu anioe, na hapo tunacheka utani wa babu na mjukuu kabla hatujaanza habari ya dawa. Kijiji nacho kinamtegemea. Mipaka ya mashamba ikigombaniwa, yeye ndiye anayekumbuka mti uliokuwa pale kabla haujakatwa.

Kuna jambo linalonikasirisha na nitalisema. Mzee akifariki, kijiji kizima kinakuja. Turubai linafungwa, ng'ombe anachinjwa, rambirambi inaandikwa daftarini, na waliotoka mbali wanakodi basi. Msiba mmoja niliohudhuria ulikusanya fedha ambazo zingemlipia marehemu bajaji ya kwenda kliniki kwa muda mrefu sana. Siku alizokuwa anaumwa tulikuwa tunahangaika kupata nauli ya kumfikisha Mbande apande gari la Dodoma. Siwalaumu waliotoa. Kuzikana ni heshima yetu na sitaki ipungue. Naomba sehemu ndogo ya moyo huo ije mapema, mwenyewe akiwa bado anaweza kuitikia marahaba.

Tusilolijua vizuri bado ni kusahau. Yupo bibi ambaye jua likianza kuinama anachukua fimbo yake na kuondoka kuelekea mahame, kule walikokuwa wakiishi kabla ya kuhamishwa 1971. Anasema watoto wanamsubiri. Mwanzoni watu walimvuta mkono arudi, akapiga kelele, na wapo waliotaka kumfungia ndani. Muuguzi alitueleza kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya watu uzeeni, na si laana wala uchawi, na maneno hayo tumeyarudia kwenye mkutano wa kijiji mbele ya kila mtu, maana macho mekundu na maneno yasiyoeleweka yamewaponza wanawake wazee mahali pengi nchini. Sasa akitoka, aliye karibu anatoka naye. Wanatembea, wanaongea habari za watoto hao, na baada ya muda anachoka na kukubali kugeuka. Majirani wote wa njia ile wana namba ya kijana wetu wa bodaboda. Kwa usiku bado hatujapata jibu, na binti yake halali vizuri.

Mvua za kwetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na zikikolea korongo la mashariki halivukiki kwa siku kadhaa. Ng'ambo yake wanaishi wazee wanne wa presha na sukari. Tumeshaomba zahanati iwape dawa za miezi miwili kabla Novemba haijaisha, na mganga amekubali kwa sharti kwamba kila mmoja apimwe kwanza. Watatu wameshapimwa. Wa nne ana kidonda mguuni na hawezi kupanda bodaboda, hivyo bajaji imeshalipiwa na atapelekwa Jumatatu asubuhi, kabla jua halijawa kali.